Inavuta Kushoto

"Inavuta kushoto," alisema Mzee Ubwa.

Ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja kuyasema maneno hayo mbele ya gereji ya Matar, pale Amani, na Matar alikuwa ameshachoka kuyasikia, ingawa asingethubutu kulionesha hilo. Mzee Ubwa ndiye aliyemfundisha kushika usukani alipokuwa hajaota hata masharubu. Mpaka leo, na mvi zake, Matar humwita ami na humwinamia kidogo anapompa mkono.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Juzi nimeparuza ukingo wa njia pale Mtoni, na watoto wa watu wamo ndani. Nakwambia inavuta."

"Upepo umeuangalia?"

"Nnaangalia upepo wewe hujazaliwa. Hebu ipime."

Matar hakuwa na mashine ya kompyuta kama gereji kubwa. Alikuwa na mshipi wa kuvulia samaki na futi ya kupimia. Aliufunga mshipi kwenye kigingi nyuma ya gari ya mzee, Noah nyeupe, akauvuta mpaka mbele usawa wa katikati ya matairi, upande huu na upande ule, kisha akapiga magoti kuangalia wapi unagusa mpira na wapi haugusi. Baadaye akapima nafasi baina ya matairi mawili ya mbele, kwanza kwa upande wa mbele, halafu kwa upande wa nyuma. Vipimo vikaja vilevile vya wiki mbili nyuma. Gari ilikuwa imenyooka.

Akapitisha kiganja juu ya tairi la mbele la kushoto, kwenda na kurudi. Gari iliyopinda miguu hula tairi ukingo mmoja, au huliotesha meno kama ya msumeno, na kiganja hakidanganyiki. Hili lilikuwa laini pote. Kilichoharibika ni ubavu wake wa nje, umechanika chanika, na rimu imetafunwa. Hayo si mambo ya gari kuvuta. Hayo ni ya kupanda ukingo wa njia siku baada ya siku, tena upande mmoja tu.

Akanyanyua uso ili amwambie. Ndipo alipoona kwamba Mzee Ubwa amenyoa ndevu upande wa kulia peke yake. Upande wa kushoto mvi zilikuwa zimebaki, kutoka sikioni mpaka kidevuni, na mwenyewe amesimama ametulia kama mtu aliyekwisha kujiangalia kwenye kioo na kuridhika.

"Twende tukaijaribu, ami," alisema Matar.

Matar ndiye aliyeanza kuendesha. Walipofika kwenye njia iliyonyooka aliachia usukani, mikono akaiweka juu ya mapaja. Gari ikaenda, ikaenda, kisha ikaelemea kushoto kidogo sana.

"Umeiona?"

"Hiyo ni njia yenyewe, ami. Imelazwa upande ili maji ya mvua yapite. Gari zote zinafanya hivo."

"Nipe mimi."

Wakabadilishana viti. Hazikupita nyumba tatu, tairi la kushoto lilikuwa kwenye mchanga, na muuza madafu mmoja alikuwa amesimama na panga lake mkononi, mwavuli wake umelalia kioo cha gari.

"Mzee, huoni?" aliuliza muuza madafu.

"Gari inavuta."

"Basi ipeleke gereji."

"Ndiko ntokako," alijibu Mzee Ubwa.

Matar alisikia aibu, aibu ya mtu aliyefungua mlango akamkuta mkubwa wake hajavaa. Walirudi gereji. Alimkalisha mzee kwenye kiti cha plastiki, akamwagizia kahawa, na yeye akaingia chini ya gari. Alikuwa amekwisha kuamua, na kwa kweli hakuona kama ana njia nyengine. Alilegeza bolti mbili za shokapu la kulia, akalisukuma tairi lichomoze nje kwa juu, akakaza. Kisha akalipunguza upepo tairi hilohilo. Kazi ya robo saa. Sasa gari ilikuwa imepinda kwelikweli, na ikiachwa itakimbilia kulia.

Mzee Ubwa aliijaribu, akaenda mpaka mwisho wa njia na kurudi. Ilikwenda sawa. Alishuka anacheka.

"Leo umefanya kazi, mwanangu. Kiasi gani?"

"Aa, leo hapana kitu, ami."

Hilo peke yake lingetosha kumshtua, kwani Matar hakuwa mtu wa kukataa pesa. Lakini Mzee Ubwa alikuwa na furaha, akaondoka.

*

Nyumbani kwa Mzee Ubwa, Kikwajuni, waliishi watatu: yeye, mkewe Bi Shemsa, na binti yao Faiza, mwalimu wa skuli ya serikali aliyekuwa akisomesha mkondo wa mchana. Gari ndiyo iliyowaweka mjini. Kila asubuhi Mzee Ubwa aliwakusanya watoto tisa, milango tisa, akawapeleka skuli yao upande wa Bububu, na saa saba akawarejesha. Wazazi walimwita babu wa gari. Kwa miaka kumi na mbili hakuna mtoto aliyepata kurudi hata na kidole kilichobanwa na mlango.

Watoto hao sasa walikuwa saba. Sichana, mama wa wawili, alimsubiri mlangoni asubuhi moja, watoto wake wakiwa bado na nguo za kulalia.

"Nshawatafutia gari nyengine, Mzee Ubwa. Si kwa ubaya."

"Kuna kosa nimefanya, mwanangu?"

"Si kosa. Wanasema gari inatikisika."

Aliyasema hayo mbele ya wale waliokwisha kupanda. Mzee Ubwa akamshukuru. Alimshukuru mara mbili, kisha akaondoka akauparuza ukingo wa baraza yao kwa tairi la nyuma.

Ndiyo maana siku aliyotoka kwa Matar alikula kwa raha. Bi Shemsa alimpakulia wali na mchuzi wa ngisi. Alipofika kati, akaacha, akafuta mkono.

"Nshashiba."

Nusu ya sahani ilikuwa imesafishika. Nusu ya pili, ya kushoto, haikuguswa hata punje. Bi Shemsa aliishika sahani kama anayetaka kuiondoa, akaizungusha, akaiweka palepale.

"Kumbe bado kipo," alisema Mzee Ubwa, akaendelea kula.

Bi Shemsa alikuwa akifanya hivyo tangu Ramadhani. Kikombe cha chai alikiweka kulia. Mto wa kitandani aliuhamishia kulia. Siku mume wake aliporudi msikitini na ndara moja, mguu wa kushoto mtupu na hana habari, watoto wa mtaani walicheka, na yeye mwenyewe alicheka nao akasema kuna mtu kamwibia. Ndara ilikutwa imelala katikati ya njia. Kesho yake Bi Shemsa alichukua sindano na lastiki ya gagulo kuukuu, akaishonea ile ya kushoto kamba ya kushika kisigino. Hakuulizwa kwa nini moja ina kamba na moja haina.

Ungemuuliza Bi Shemsa alikuwa anaogopa nini, asingekujibu. Alikuwa amefika mahali ambapo mtu haogopi tena, anazungusha sahani tu.

*

Wiki sita zikapita hivyo. Kisha akafariki Msabah, mwenzake Mzee Ubwa wa siku nyingi, huko Kizimbani. Habari ilikuja baada ya sala ya alfajiri, na wanaume wa mtaa wakapanda gari moja kwenda mazikoni.

"Faiza," baba yake alimwita akiwa ameshavaa kanzu.

"Naam, baba."

"Nipelekee watoto skuli. Ufunguo huo. Gari nzima sasa, Matar kaipatia."

Faiza alikuwa na leseni, lakini hakuwa ameigusa gari ile tangu mwaka jana. Alianza kuona kitu hata kabla ya Malindi. Usukani ulikuwa unamwomba aende kulia. Akaurudisha, ukaomba tena. Palikuwa pia na mvumo chini ya miguu yake, uuu, unaozidi gari ikizidi kwenda. Alijiambia ni yeye, amezoea vespa.

Karibu na Mtoni, mtoto wa kiti cha nyuma alipiga chafya, na Faiza akatupa jicho kwenye kioo. Alipolirejesha, gari ilikuwa imevuka mstari, na mbele yake limejaa lori la saruji. Alisikia honi. Aliuvuta usukani kwa mikono miwili, gari ikatambaa pembeni ya lori, kioo cha kulia kikagongwa na kujikunja ndani. Kisha njia ikawa nyeupe tena.

Akasimama pembeni. Faiza alitaka kulia, akaona hana machozi. Wa kwanza kusema alikuwa mtoto wa mzazi mmoja aitwaye Mwanamwema, wa darasa la pili, aliyekaa kiti cha mbele.

"Babu akiendesha haiendi hivi, ticha. Inakwenda sawa."

Aliwafikisha kwa mwendo wa baiskeli. Walipokwisha kuingia langoni, akaizunguka gari, akaweka kiganja juu ya tairi la mbele la kulia. Kwa ndani lilikuwa zima. Kwa ukingo wa nje mpira ulikuwa umekwisha, na nyuzi za chuma zimetoka. Moja ikamchoma kidole.

*

"Gari haikuwa na kitu," alisema Matar. Alikuwa anaitazama damu kwenye kidole cha Faiza kuliko kumtazama Faiza mwenyewe. "Mimi ndiye nliyeipinda."

"Umeipinda?"

"Ili imfuate yeye. Yeye anakwenda kushoto, gari inakwenda kulia, mnapata njia iliyonyooka."

"Matar, nusura niue watoto saba."

"Najua."

"Hukutwambia."

"Ningemwambia nani? Nimwambie ami, gari nzima, mbovu wewe? Nlifikiri nampa siku chache. Nlifikiri mtaona wenyewe. Kwani nyinyi hamuoni, nyumba moja?"

Faiza alikumbuka ndevu za baba yake, namna alivyomcheka asubuhi moja na kumwambia umeshakuwa mzungu wa mitindo, na baba yake akapapasa shavu la kulia na kusema mbona liko safi.

Nyumbani alimkuta mama yake anachagua mchele kwenye ungo. Alimweleza yote, lori, tairi, bolti. Bi Shemsa aliendelea kutupa mawe, moja moja.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Baba anaumwa."

"Najua kama anaumwa."

"Unajua tangu lini?"

Bi Shemsa akauweka ungo chini. Aliinuka, akaenda kwenye mlango, akaleta ile ndara yenye kamba ya lastiki. Akampa mwanawe, akakaa tena.

"Akiambiwa ataacha gari," alisema. "Na akiacha gari atakaa wapi, kwenye baraza? Humjui baba'ko. Namzungushia sahani tu, nkasema Mungu ataiondosha kama alivyoileta."

"Kiharusi hakiondoki kwa kukizungushia sahani, mama."

Maneno yalikuwa makali kuliko alivyokusudia. Bi Shemsa aliyapokea bila ya uso wake kubadilika, akauchukua ungo wake.

*

Mzee Ubwa alirudi saa nane, ana vumbi la Kizimbani kwenye pindo la kanzu. Watoto walikuwa wamekwisha kurejeshwa; Faiza aliomba ruhusa kazini, akaazima gari ya jirani, na wazazi wakaambiwa Noah inapelekwa kwa fundi.

"Tairi la kulia limekwisha, baba. Twende kwa Matar."

"Limekwishaje? Si la mwaka jana?"

"Twende ukaone."

Aliiendesha Faiza mwenyewe, polepole, akiubana usukani. Mzee Ubwa alikaa kiti cha kushoto. Hakuuliza kwa nini haendeshi yeye, na jambo hilo lilimuumiza Faiza zaidi kuliko kama angeuliza.

Matar alitoa tairi la akiba, akalifunga. Alizilegeza zile bolti mbili, akalirudisha tairi mahali pake, akajaza upepo, akafunga mshipi, akapima, akapima tena. Mzee Ubwa alisimama juu yake muda wote, mikono nyuma, kama alivyokuwa akimsimamia zamani. Kazi ilipokwisha, Matar aliufungua mshipi, akaulaza chini kwenye uwanja wa gereji, umenyooka, mwanzo umefungwa kwa bolti na mwisho kwa bolti. Mwisho kabisa, kandoni, palikuwa na debe tupu la oili.

"Aanze Faiza," alisema.

Faiza aliipitisha gari pembezoni mwa mshipi, mshipi ukiwa kushoto kwake. Nusu ya njia akanyanyua mikono. Gari haikuugusa.

"Sasa wewe, ami. Naomba uihakikishe."

Mzee Ubwa akapanda, akarekebisha kioo, akasema bismillahi. Gari iliondoka vizuri. Baada ya hatua kumi ikaanza kuuegemea mshipi, ikaupanda, ikauvuka, na tairi la kushoto likalibeba lile debe na kulikokota kwa kelele mpaka mwisho wa uwanja. Mafundi wa gereji ya jirani walitoa vichwa. Mzee Ubwa alizima gari, akashuka, akafunga mlango.

"Bado inavuta," alisema.

Alimtazama Faiza, kisha Matar, na Matar akainamisha kichwa.

"Ami, nisamehe. Gari haina kitu. Haikuwa na kitu tangu siku ile. Nliipinda mimi ili ikufuate wewe."

"Uliipinda?"

"Naam."

Mzee Ubwa aliizunguka gari mpaka upande wa pili. Debe lilikuwa limekunjika chini ya tairi. Alilitazama, akautazama mshipi umelala kulia kwa gari mahali ambapo ungetakiwa kuwa kushoto. Miaka arubaini alikuwa akiwafundisha watu kwamba dereva asimtupie lawama gari. Alisubiri hasira ije, ambayo ingekuwa haki yake, na haikuja. Haikuja aibu wala huzuni. Kila kitu ndani yake kilikuwa kama mkono wake wa kushoto.

Akaunyanyua, akauminya kwa wa kulia.

"Tangu Ramadhani," alisema. "Niliamka daku una ganzi. Nkasema nimeulalia."

"Kwa nini hukusema, baba?"

"Nliambiwa ganzi inaondoka." Akafikiri. "Sikuambiwa na mtu. Nlijiambia."

Aliutoa ufunguo mfukoni, akampa Faiza. Halafu akatia mkono mfukoni tena, kutafuta pochi, na safari hii Matar alizipokea pesa alizopewa, kwa mikono miwili, bila ya kuzihesabu.

*

"Tunakwenda hospitali," Faiza alisema walipotoka Amani. "Si kesho. Sasa hivi."

"Haya."

Gari ilikwenda imenyooka, haina mvumo. Mzee Ubwa aliitega sikio, akapeleka mkono wa kulia kwenye dashibodi, akauacha hapo.

"Matar fundi mzuri," alisema.

"Fundi mzuri."

Kwenye taa za njia simu ya mzee ikalia. Alikuwa Mwanamwema, yule mama wa mtoto wa kiti cha mbele. Sauti yake ilijaa gari nzima, kwani Mzee Ubwa siku zote simu yake huiweka kwa sauti kubwa.

"Shikamoo, Mzee Ubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani. Huyu mtoto kaja na maneno ya lori, mimi sikumfahamu. Nnauliza tu, gari imetengenea? Kesho mnakuja?"

Faiza alinyoosha mkono aichukue simu. Kulikuwa na jibu jepesi, kila mtu angeliamini: gari mbovu bado, tafuteni mwengine kwa sasa. Baba yake aliisogeza simu mbali naye.

"Gari nzima," alisema. "Kesho siji. Wala kesho kutwa. Gari haikuwa ikivuta, mwanangu. Ninayevuta ni mimi."

Mwanamwema akauliza, taratibu, kama anayeogopa kusikiwa na majirani:

"Unavuta nini, Mzee Ubwa? Na watoto wetu wamo ndani?"

Taa ziliwaka kijani na Faiza hakuondoka. Nyuma yao mtu akapiga honi. Mzee Ubwa aliusogeza mdomo karibu na simu, ili maneno yafike sawasawa.

"Kushoto, mwanangu," alisema. "Navuta kushoto."